Bwana Harusi Anayeogopa Kuoshwa Miguu

Bibi Mshauri, mama yetu wa gazetini,

Baada ya salamu nyingi na dua za kukutakia afya, nakuomba kwa jina la Mola barua hii uijibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi baada ya swala ya alasiri nina miadi na wembe, na Ijumaa ya wiki inayofuata ndiyo harusi yangu, na katika hayo mawili sijui lipi linanitisha zaidi, hata nikiulizwa jambo siku hizi najibu lingine.

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na moja, nimefiwa na mke miaka mitano sasa, mpishi wa haluwa hapa Mji wa Kale, na jina langu tafadhali usilitaje kwa kuwa mimi ni mtu wa heshima zangu, sema tu ni mpishi wa haluwa wa Kibokoni, mlango wa kijani, nyumba ya tatu ukitoka msikitini. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na tisa, na anayeijua anajua kwamba haina mchezo, ukishatia sukari na wanga na samli katika sufuria ya shaba umeshafungwa hapo, wakoroga saa tatu, saa nne, umesimama pahala pamoja, ukiuacha mwiko ukanywe maji tu haluwa imeshika chini na kazi ya asubuhi nzima umewapikia paka.

Basi, Bibi, kusimama huko ndiko kulikonitoa mishipa ya miguuni, ambayo ilianza kama nyuzi za buluu nyuma ya goti, nikasema si kitu, sasa imekuwa minene kama kidole changu cha mwisho, imejipinda na kufanya mafundo kutoka gotini hadi kifundoni, na mguu wa kushoto ndio mbaya zaidi, jioni huwa mzito kama gunia, unawaka, unavimba mpaka kiatu hakiingii, na ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani imegeuka nyeusi na inawasha na pana kidonda kidogo hapo, sawa na shilingi, mwezi wa pili huu hakijafunga, lakini hayo yote si tatizo, hayo nimeyazoea.

Tatizo ni harusi. Nimemposa Bi Mwanakhamis, mjane, mshona nguo za maharusi, mwanamke mwenye adabu na kucheka kwake, anayekaa ghorofani mkabala na duka letu, dirisha lake latazama ua tunapopikia. Akakubali. Nikafurahi kama kijana, wallahi nikafurahi, mpaka siku moja nimeketi kinyozini nasikia watu wakieleza harusi ya jirani, jinsi bwana harusi alivyofika mlangoni pa chumba, akavuliwa viatu, na somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, akamwosha miguu kwa maji ya marashi, na wanawake wamejaa ukumbini wanatazama, na kesho yake wakamtungia wimbo, ati

Bwana harusi magaga,
mkeka umechanika,

na wimbo ule wakaupiga na pembe za vugo, ile ngoma ya wanawake, mtaa mzima kwa sababu maskini alikuwa na nyufa visiginoni. Bibi, nyufa tu! Mimi je? Harusi yangu ya kwanza niliingia na miguu iliyocheza mpira uwanja wa Tononoka, somo alinisifu. Leo nitaitoa wapi miguu ile? Hakuna mtu aliyeiona hii niliyo nayo, nje huvaa kanzu ndefu na soksi, na soksi huzifunga kwa uzi chini ya goti zisiteremke, isipokuwa wakati wa kukoroga hufunga kikoi juu ya magoti kwa ajili ya moto, lakini huko ni uani, hapana anayeona ila wapishi wenzangu na wateja wachache na wapita njia.

Basi nikaahirisha harusi. Mara ya kwanza nikasema natengeneza nyumba, nyumba ikatengenezeka. Mara ya pili nikasema mwezi si mzuri. Mara ya tatu sikusema kitu, nilijifanya nina homa. Jumapili iliyopita akaja kaka yake, Bwana Aidarus, karani wa ghala moja huko Shimanzi, hakuketi, hakunywa hata kahawa, akanambia, "Bwana, dada yangu si karatasi ya forodha ya kungoja muhuri. Anauliza utakuja lini. Ijumaa ya wiki ya pili, au basi, na haluwa yako tutanunua kwingine."

Nikaona sina budi. Nimejaribu mchanga wa moto, nimejaribu mafuta ya ufuta nikisuguliwa kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, mishipa iko pale pale. Sasa Jamaldin kinyozi, ambaye pia huumika watu kwa pembe, amenihakikishia kwamba hii ni damu chafu iliyokwama, ataifungua mishipa kwa wembe mahali sita, aweke pembe, damu itoke yote, na baada ya siku nane mguu utakuwa laini kama wa mtoto. Anayenikatisha tamaa ni Dzoro, mwenzangu wa kukoroga, mtu wa Kaloleni, aliposikia akasema, "Mzee, hata mbuzi hatumkati hapo kama hatutaki afe." Nikamwambia, wewe koroga.

Na jambo jingine la kunidhalilisha nisilisahau. Mwezi uliopita Bi Mwanakhamis alimpa huyo Dzoro aniletee kigoda na mto mdogo wa sufi, ameushona mwenyewe, na ujumbe, "Mwambie akishaepua aketi, aweke miguu juu." Bibi, niliona haya mbele ya wafanyakazi. Mimi kikongwe? Nikavirudisha vyote wakati ule ule. Tangu siku hiyo dirisha lake halifunguliwi asubuhi.

Nambie basi, Bibi yangu, wembe niutie miguu yote miwili pamoja au nianze na mmoja? Na kama huupendi wembe, yafaa kisheria au kimila somo aniambie niingie na soksi, anioshe juu kwa juu? Nijibu upesi, nami nitakuombea dua maisha yangu yote.

Mimi katika dhiki,
Mwenye Kusitirika, Kibokoni

*

Ewe Mwenye Kusitirika,

Nani aliyekusitiri? Umeficha jina ukaacha mlango wa kijani! Gazeti hili latoka leo Jumanne, na kabla ya adhuhuri pale dukani kwenu patakuwa na watu wanaonunua haluwa ya nusu ratili huku wanainama kana kwamba wameangusha kitu. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. La mwanamke wa watu uliliandika kamili, na la kaka yake, na la kinyozi, hukuona haja ya kuwasitiri wao. Hayo mengine nimeyabadilisha mimi, maana wao hawakuniandikia.

Barua yako imewaruka watu kumi na wanne waliotangulia, akiwamo mama anayegombana na mkwewe tangu Mfungo Mosi. Nimeiweka mbele kwa ajili ya neno moja tu, nalo ni wembe. Nisikilize vizuri. Usiende. Si mguu mmoja, si miwili, si mahali sita wala nusu mahali. Jamaldin ni kinyozi, akunyoe ndevu. Mshipa uliotuna namna hiyo umejaa damu na ngozi iliyoufunika ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Ukitobolewa nawe umesimama au umeketi, damu itaruka, na haitangoja pembe. Watu wamekufa kwa mshipa wa mguu uliotoboka, chumbani mwao, wakidhani ni mkwaruzo. Mtu pekee aliyesema la maana katika barua yako nzima ni Dzoro, nawe ukamwambia akoroge.

Sasa nikufahamishe hiyo "damu chafu" ni kitu gani, kwa sababu nilimwendea daktari nikamuuliza, mimi nisiyejua huuliza. Damu yako si chafu. Ni damu ile ile iliyo usoni mwako, na natumaini sasa hivi imepanda huko kwa haya. Damu hushuka miguuni, kisha yataka kupanda kurudi moyoni, na kupanda ni kazi. Ndani ya mishipa ile pana vilango vidogo, damu ikipita juu vinafunga nyuma yake isirudi chini. Na kinachoisukuma juu ni nyama ya nyuma ya mguu, hiyo tafu, ambayo hukamua mshipa kila unapopiga hatua. Mtu akisimama pahala pamoja saa nne kila siku miaka ishirini na tisa, tafu imelala, damu imejaa, vilango vinalegea, na mshipa unatanuka na kujipinda. Pengine babako au mamako alikuwa nayo pia, maana mara nyingi hurithiwa. Basi ndiyo habari yote. Hapana jicho, hapana husuda, hapana uchafu wa kutolewa na mtu.

Na wewe, mashallah, ulipoona damu imeshindwa kupanda, ukafunga uzi chini ya goti! Njia nyembamba, nawe ukaitia kufuli, ili soksi isiteremke. Kisha ukapeleka mguu kwenye mchanga wa moto, na joto huzidi kuitanua. Kisha ukamlipa mtu akusugue mpaka ulie. Kama ungekaa ukafikiri mwaka mzima jinsi ya kuuharibu mguu huo, usingepata njia nyingine zaidi ya hizo ulizozitumia.

Lakini lililonifanya niiweke chini barua yako na kuvuta pumzi ni pale uliposema kidonda si tatizo. Ngozi imegeuka nyeusi, inawasha, pana kidonda cha miezi miwili kisichofunga, na bwana anasema amezoea! Hebu nikwambie, kidonda hicho ndicho tatizo pekee ulilo nalo mguuni, hizo nyingine ni sura tu. Kikiachwa kitapanuka, kitaoza, na hutakoroga haluwa tena wala kwenda msikitini kwa miguu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe huyafichi hata, umeyafunika kwa soksi na kuyaonyesha kwa kikoi.

Kesho Jumatano, alfajiri, nenda hospitali. Uza haluwa ya jana. Panga foleni kama watu, na zamu yako ikifika vua soksi, umwonyeshe daktari kidonda kabla ya kumwonyesha mishipa. Atakisafisha, ataangalia kama damu yashuka sawasawa mpaka vidoleni, na akiridhika atakufunga bendeji ile ya kuvutika, kutoka mzizi wa vidole mpaka chini ya goti. Mwombe muuguzi akufundishe kuifunga mwenyewe asubuhi kabla hujashuka kitandani, wakati mguu haujavimba. Akisema mishipa yenyewe yafaa kutolewa kwa upasuaji, atakutolea mwenye shahada, umelala, si kinyozi mwenye taulo la jana. Na akisema haina haja, usianze kumbembeleza kwa ajili ya sura. Ijumaa ya harusi itafika na mishipa yako ikiwa pale pale, lizoee hilo kama ulivyozoea kidonda.

Kazini, mgawane mwiko na Dzoro, nusu saa wewe, nusu saa yeye. Najua utasema haluwa haikubali mikono miwili. Imekubali mikono ya babu zenu wote, itakubali. Unapokoroga usisimame kama umepigiliwa misumari, inuka kwa vidole, shuka, inuka, shuka, hamisha uzito, piga hatua mbili huku na huku. Ukishaepua, lala chali, miguu iwe juu kuliko moyo, robo saa, mara tatu au nne kwa siku, na kitandani uweke mito chini ya miguu. Jioni tembea mpaka Marikiti na kurudi, tafu ifanye kazi yake. Punguza hiyo haluwa unayoionja, uzito nao unaukandamiza mguu. Uzi wa soksi utupe leo. Na mshipa ukitoboka siku yoyote, usikimbie huku na huku kutafuta mtu, lala hapo hapo ulipo, inua mguu juu, kandamiza kwa kitambaa safi kwa nguvu usiachie, na wenzako wakupeleke hospitali. Vilevile mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, au wewe ukabanwa na pumzi kifuani, usingoje alasiri wala foleni.

Mguu tumeumaliza. Sasa tuje kwa mwenye mguu.

Unaogopa kuoshwa. Bwana, mimi kabla ya kuandika gazetini nilikuwa somo miaka ishirini na miwili. Nimeosha miguu ya mabwana harusi wa mji huu mpaka nikachoka kuihesabu. Nimeosha yenye vidole sita, nimeosha iliyounguzwa na mafuta, nimeosha ya bwana mmoja mkubwa sana aliyeficha hirizi katikati ya vidole. Mishipa kama yako nimeiona mara nyingi, kwa mahamali wabeba mizigo, kwa walimu, kwa mafundi cherehani, hata kwenye miguu yangu mwenyewe, maana nani husimama zaidi ya mwanamke mwenye watoto saba na jiko moja? Wimbo wa magaga nilikuwapo ulipotungwa. Hatukumwimba yule kwa nyufa zake. Tulimwimba kwa sababu alipoguswa kisigino aliuvuta mguu kwa kiburi, akamwambia somo, "Taratibu, wewe." Angecheka tu, tungemwimba kwa sifa. Ukiingia na soksi ndipo utaimbwa mpaka wajukuu wako waujue wimbo.

Na hivi kweli unaamini hapana anayeona? Wafunga kikoi juu ya magoti, uani, chini ya dirisha la mwanamke mshonaji, ambaye kazi yake ni kukaa dirishani penye mwanga! Amekutazama miaka mingapi? Ameona mguu unavyovimba wiki hadi wiki. Amekuona ukisimama kwa mguu mmoja kama kuku kwenye matope. Na baada ya kuyaona yote hayo, posa ilipokwenda, alikubali. Kisha akakaa akashona mto, akakuletea dawa ile ile ambayo daktari kesho atakwambia, "aketi, aweke miguu juu," bila foleni na bila malipo. Nawe ukaurudisha mbele ya wafanyakazi wako. Yarabi, wanaume! Mtu anakuonea huruma, wewe unaona umetukanwa.

Hebu jiulize sasa yeye yuko vipi. Mjane, ameposwa, mtaa wote unajua. Mara ya kwanza harusi yaahirishwa, watu wanasema nyumba. Mara ya pili watu wananyamaza. Mara ya tatu wanawake wa nyumba za jirani wanaanza kusema ati ameonekana ana ila, ati bwana amesikia kitu. Anashona nguo za harusi za wenzake, na kila anayekuja kupimwa anamtazama kwa huruma. Umemwachia mwenzako aibu yako aibebe yeye, asijue hata ni ya nini. Mishipa yako imekuuma miguuni tu. Aibu hii imemuuma yeye mahali ambapo mimi sina bendeji yake, na hapo, bwana wangu wa heshima zako, sikuoni mtu wa kuchekwa tena. Nakuona umekosa.

Basi fanya hivi. Ukishamaliza kusoma, usimalizie sufuria. Mwachie Dzoro, leo apate kuwa bwana. Nenda Shimanzi ukamngoje Bwana Aidarus mlangoni pa kazini kwake, mpe salamu, umwambie maneno haya hasa, "Nilikuwa naona haya kwa maradhi ya miguu, nikawadanganya, naomba radhi." Usiongeze homa, usiongeze mwezi. Akikufokea, pokea. Kisha mwombe ruhusa upeleke ujumbe kwa dada yake kwa kinywa chako mwenyewe, yeye kaka akiwapo, na kile kigoda na mto uviombe virudishwe, uombe, usiviagize. Alhamisi alasiri kaa nyumbani umeinua miguu, Jamaldin akubishie hodi mpaka achoke. Ijumaa ya harusi vaa kanzu yako, ingia na bendeji yako, na somo ataosha vidole vinavyoonekana, vinamtosha.

Na ukiona haya bado yamekushika, kumbuka kwamba Bi Mwanakhamis hajauliza hata mara moja miguu yako ikoje. Tangu mwaka huu uanze ameuliza jambo moja tu, utakuja lini. Nenda ukamjibu.

Bibi Mshauri